Nilisubiri Aseme Funga

Ile alama mimi naiita meno ya panya. Vijino viwili vinaning'inia juu, chini havifiki. Ina mdogo wake wa jino moja. Kitufe chao kwenye kompyuta ni kimoja: ukibonyeza hivihivi linatoka jino moja, ukibonyeza huku kidole kingine kimekandamiza kile kitufe kipana cha pembeni, yanatoka mawili. Mimi shule niliiona kwa nje nikipita na kuni kichwani. Kwenye karatasi za watu naweka dole gumba. Lakini kitufe hicho nakipata hata nikifumba macho. Nitasema nilivyokijua, na nitasema kilichotokea, maana kuna kipande sijamwambia mtu.

Mwanangu wa mwisho namwita baba, kwa sababu nilimpa jina la baba yangu. Alikuwa fundi wa kompyuta Songea mjini, amepanga Majengo, mkewe mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka juzi, wakati wa palizi, nikapigiwa simu kijijini kwangu, Maposeni. Alikuwa mkwe wangu huyo, anaongea utadhani anasoma tangazo: "Mama, shikamoo. Mama, kaa chini kwanza. Umekaa? Mwenzangu ameanguka bafuni."

Nikamwambia, "Mwanangu, niko katikati ya mahindi, nikikaa chini hamtaniona tena. Sema."

Kiharusi. Upande wa kulia wote ukafa, mkono na mguu, na mdomo ukaenda kombo. Walimtibu wakamrudisha nyumbani. Daktari aliyemruhusu, sauti yake ilikuwa inatokea puani, kama mtu aliyeshikwa mafua siku ya ubatizo wake na hayajapona mpaka leo: "Mama, huyu ana bahati. Dawa asikose. Ila ikirudi mara ya pili, msikae nayo. Mkimbieni. Dakika ni dakika, mama." Nikamwiga hapohapo mlangoni mwa wodi, dakika ni dakika, mama, mpaka wauguzi wakashika mbavu. Mimi nililiona neno la kuchezea.

Nikahamia Majengo. Mkwe akienda shule asubuhi, mimi nabaki na mgonjwa. Shida ilikuwa maneno. Alikuwa anaongea, ila midomo haikutani, maneno yanatoka yamelowa. Mkewe anamwinamia: "Sema tena. Polepole. Tena. Haya, tena," kama yuko na darasa la kwanza. Mwanaume mzima anageukia ukutani.

Sasa mimi nina ugonjwa wangu tangu utoto: mtu akiongea, mdomo wangu unamfuata. Nimechapwa sana kwa ajili hiyo. Nilimwiga katekista. Nilimwiga mama mkwe nikiwa bibi harusi wa wiki mbili, kumbe yuko nyuma yangu na mwiko. Basi siku ya pili pale Majengo mwanangu akasema kitu, na mimi bila kufikiri nikauvuta mdomo wangu upande kwa kidole, nikakisema kama alivyokisema. Mkwe akadondosha sahani.

"Mama! Unamcheka mgonjwa? Mwanao wa kumzaa?"

Lakini lile neno lilipopita mdomoni kwangu nililisikia. Alikuwa anataka dirisha lifunguliwe. Nikaenda nikalifungua. Mwanangu akanitazama, jicho la kushoto likajaa maji.

Tangu hapo mimi ndiye niliyemsikia. Anasema, nauvuta mdomo kama wake, narudia, na maana inakuja. Majirani wakija kutoa pole wanakuta bibi na mgonjwa wanaongea wote midomo kombo. Mmoja alifanya ishara ya msalaba akaondoka bila kunywa chai.

Kabla hajaanguka kuna kazi alikuwa hajaimaliza. Kikundi cha wafugaji wa vijiji vya kwetu huku walimwomba awatengenezee kitu cha kupeleka ujumbe kwenye simu: kesho ni zamu yako ya josho, keshokutwa kuna chanjo, na kila mfugaji aitwe kwa jina lake. Kilikuwa kimebaki kidogo sana. Dada mmoja aliyekuwa akifanya naye kazi, anakaa Dar es Salaam, alisema atakuja Ijumaa ya wiki ya tatu kutoka hapo kuchukua kompyuta. Akikuta kimekamilika, atakiwasha. Akikuta bado, wafugaji watachukua cha mtu mwingine na hiki kitatupwa. Mwanangu akaniambia, nami nikarudia mdomo kombo mpaka nikapata: "Mama, hiki ndicho cha mwisho nitakachokifanya kwa akili yangu. Nataka nikione kinaamka."

Mkono wa kushoto alikuwa nao, ila ulitetemeka. Akilenga kitufe kimoja anapiga vitatu. Mkewe akajaribu kumwandikia jioni mbili. Wakashindwana, na kilichowashinda ni elimu. Yule ni mwalimu. Ukimtajia neno analianza kwa herufi kubwa. Mwisho wa mstari anaweka nukta. Akiona neno limekaa vibaya analinyoosha: "Lakini hivi siyo sahihi, mume wangu." Na mashine ile haitaki msaada wa mtu. Nukta moja ya adabu, kazi yote inagoma.

Mwanangu akasema, "Mpe mama."

Mkwe alicheka mpaka akakaa. "Mama? Mama hajui a wala be!"

"Ndiyo maana," nikamtolea jibu la mumewe, mdomo kombo. "Hatanisahihisha."

Tulikuwa tunafanya asubuhi, mkwe akishatoka. Kompyuta juu ya stuli. Mimi kwenye kigoda mbele yake. Yeye kitandani nyuma yangu, ameegemezwa mito, anatazama kioo kupitia bega langu la kushoto, maana upande wa kulia hata macho yalikuwa hayaoni. Kwa hiyo muda wote wa kazi mimi nilikuwa nimempa mgongo.

Vitufe tulivipa majina. Hema. Yai. Nyoka. Msalaba. Kichana. Kuna mmoja ni nyoka aliyechomwa mkuki, wenyewe wanaiita alama ya dola, huyo alinichekesha siku nzima. "Yai," anasema, napiga yai. "Msalaba." Napiga, nasema amina. Wiki ya pili majina hatukuyahitaji tena. Anasema "ma," vidole vinakwenda vyenyewe, milima na hema. Nilikuwa nasoma bila kujijua, bibi wa miaka yangu.

Haya meno, ambayo wasomi wanayaita nukuu, alinieleza hivi. Mashine ina haraka. Ikiona nafasi kati ya maneno mawili inadhani ni vitu viwili. Alikuwa na mahali pa kuwekea kazi yake amepaita majosho mapya. Ukiandika hivyo bila meno, mashine inakwenda kutafuta majosho, halafu inakwenda kutafuta mapya, inarudi inasema havipo. Ukitia meno mwanzo na meno mwisho, inajua ni kifurushi kimoja.

"Kama mjomba wako," nikamwambia. "Ukimtuma chumvi ya mawe, analeta chumvi, halafu anarudi tena kuleta mawe."

Akakohoa. Ndiyo ilikuwa kucheka kwake.

Na kuna tofauti. Jino moja ni kifurushi kilichoshonwa: mashine inakibeba bila kuchungulia. Meno mawili inachungulia kidogo, na ikimkuta ndani nyoka mwenye mkuki, inajua pale panawekwa jina la mfugaji mwenyewe. Mimi sikuuliza zaidi. Akisema fungua, natia meno. Akisema funga, natia meno. Katikati siongezi, sipunguzi.

Siku moja tuliandika neno la kujaribia, tukalifunga kwa jino moja mwanzo na jino moja mwisho: leta ng'ombe joshoni. Nikabonyeza kile kitufe kikubwa cha kupeleka. Mashine kimya. Ikashusha mstari, ikaweka alama kama mdomo wa kifaranga ulioachama, ikakaa.

"Imekufa?" nikauliza.

"Haijafa. Inasubiri. Inadhani bado tunaongea." Akakohoa mpaka nikamshika. Kumbe lile jino lililo katikati ya ng'ombe, mashine imelihesabu kuwa ndiyo kufunga. Lile la mwisho ikaliona kama kufungua upya.

"Basi aliyeitengeneza hajawahi kuswaga ng'ombe," nikasema. Tukafuta, tukatia meno mawili, ikapita.

Kosa langu mwenyewe lilikuja baada ya hapo. Kulikuwa na karatasi ndefu ya amri, mashine inaisoma kutoka juu kwenda chini ndiyo ijenge kitu kizima, na mahali pamoja pakiwa vibaya inasimama. Siku hiyo alikuwa amenyamaza katikati ya mstari, anafikiri. Nikaona amechoka, nikamsaidia, nikatia meno ya kufunga. Akaendelea kutaja, nikaendelea kuandika. Tulipoiambia mashine ijenge, ikagoma. Tukalitafuta kosa asubuhi nzima, mstari kwa mstari, jasho linamtoka. Tulipoliona, nililifuta mwenyewe. Naye hakunigombeza. Alisema tu, na neno hili nilirudia mara mbili mdomoni nisije nikalikosea: "Mama, mpaka niseme. Hata nikinyamaza mpaka jioni, usifunge mpaka niseme."

Nikasema, "Haya, baba."

Ikafika Alhamisi. Kesho yake mgeni anakuja. Asubuhi nilimpa togwa, ikamtoka pembeni ya mdomo, ile pembe nzuri, ya kushoto. Mkwe akaona. "Mama, nibaki leo?" Mwanangu akasema kitu. Nikauvuta mdomo, sikulipata. Nikauvuta tena, nikapata: mstari mmoja tu. Ningejua hapo. Tangu nimzoee, sikuwahi kumkosa mara ya kwanza. Sauti yake ilikuwa imehama usiku ule na mimi ndiye peke yangu niliyeweza kusikia kwamba imehama. Lakini nilikuwa na hamu. Siwezi kudanganya, nilikuwa na hamu kama yake. Nilitaka yule dada wa Dar aje akute kitu kimesimama, aambiwe kiliandikwa na bibi asiyejua a wala be. Nikamwambia mkwe, "Nenda kafundishe, mimi nipo."

Tukaanza. Fungua. Nikatia meno mawili. Ndugu. Nafasi. Nyoka wa mkuki na jina. Kesho leta ng'ombe joshoni. Mkato. Nafasi. Na.

Akanyamaza.

Nikasubiri. Kuna kijiti pale kwenye kioo kinapepesa, kinakuja kinapotea, mimi nakitazama, kidole juu ya kitufe. Nikasema, "Baba, wafugaji wataota mvi." Kimya. Nikasikia anapumua kwa nguvu, kama anavyopumua akifikiri. Nje muuza mboga akapita: "Matembeleee, mama, matembele mabichi!" Nikamwiga polepole, nisimtoe mwanangu kwenye mawazo yake. Maharage jikoni yakaanza kushika chini, nikayasikia kwa pua. Sikuinuka. Nilikuwa najisemea, leo siongezi, sipunguzi, leo hata jioni ikifika.

Kioo kile kina tabia ya kujizima ukikaa bila kukigusa. Nilishakipima: ni makumi mawili ya rozari, dakika kama kumi. Kikazima. Kikawa cheusi kabisa, na ndani ya weusi ule nikamwona nyuma yangu. Ameteleza kwenye mito, kichwa kimelalia bega, jicho liko wazi.

Nikapiga yowe, majirani wakatusaidia, bajaji ikaja, mkwe tulimkuta hospitali na chaki mkononi. Daktari ni yuleyule wa puani. Akaniuliza, "Mama, ilianza saa ngapi?"

Mkwe alikuwa amesimama hapo.

Nikasema, "Sasa hivi, daktari. Imeanza tu tukakimbia."

Akaandika. Hicho ndicho kipande changu. Sijui kama ningesema kweli kungekuwa na tofauti. Sikumuuliza yeye wala mwingine, maana naogopa majibu yote mawili.

Mwanangu hakufa. Lakini sauti haikubaki hata ile iliyolowa. Hakukubaki hata kukohoa.

Kesho yake yule dada wa Dar akaja, amepitia Majengo kuchukua kompyuta, akatukuta wodini nayo kwapani. Suruali, miwani, sauti ya haraka ya mjini: "Shikamoo bibi, jamani pole, pole sana bibi yangu, jamani." Marahaba. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akaifungua. Kioo kikawaka, na maneno yetu yakawa bado yapo, na kijiti chake kinapepesa vilevile baada ya lile neno na.

Akasoma kwa sauti. "Ndugu nani, kesho leta ng'ombe joshoni, na." Akanigeukia. "Na nini, bibi? Alisema na nini?"

Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu kuulizwa mtu amesema nini na nikakosa. Nikamwinamia mwanangu. Nikauvuta mdomo kama wake, nikakaa hivyo, nasubiri hata pumzi yenye sura. Hakuna kilichokuja cha kukifuata.

Yule dada akajaribu. Alimshika mkono wa kushoto. "Kaka, nikitaja, unibane. Na ndama? Na kadi ya chanjo? Na mapema asubuhi?" Mkono haukubana. "Na watu wawili wa kusaidia?" Haukubana. Mkwe akatoka nje.

"Bibi," akasema, sasa taratibu, ile haraka imeisha. "Mimi naweza kuweka la kwangu hapa, wala hakuna atakayejua. Lakini litakuwa la kwangu. Bora nifute hili neno 'na', nifunge hapa kwenye joshoni."

Nikamwambia futa. Akalifuta, akafuta pia mkato. Alipotaka kufunga nikamshika mkono, nikamwambia hicho kitufe nakijua mimi. Nikakandamiza kitufe kipana, nikatia meno. Nilitia bila kuambiwa. Yule dada akaamuru mashine ijenge. Mistari ikashuka, ikashuka, midogo kama siafu, ikasimama. "Imejengeka, bibi. Hakuna hata kosa moja." Akakigeuzia kioo upande wa kushoto wa mwanangu, anapoona. Sijui kama aliona. Jicho lilikuwa kwenye chupa ya maji iliyoning'inizwa juu yake.

Sasa niko naye Maposeni. Mkwe anakuja Jumamosi na Jumapili. Kile kitu kinafanya kazi. Jirani yangu ana ng'ombe saba, simu yake ikilia anakuja mpaka mlangoni kunisomea, anajua kilitoka mikononi mwetu, na anakisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio: "Ndugu fulani! Kesho! Leta ng'ombe joshoni!"

"Basi?" namuuliza.

"Basi, bibi. Unataka waniambie niwavike viatu?"

Wa kwanza kucheka ni mimi. Halafu anaondoka, nami narudi ndani.

Asubuhi nikimlisha uji huwa namtajia maneno ya kufuata lile na. Namtajia moja moja, nikimwangalia usoni, mgongo simpi tena. Na ndama? Na kamba? Na mbwa abaki nyumbani? Na yule mjomba wako asije? Hapo nilidhani pua imecheza, lakini ni inzi. Siku nyingine nataja vya ng'ombe, siku nyingine naishiwa, nataja chochote kilichoko jikoni. Juzi nilimwambia, na maji ya kunywa. Akafumba jicho, akalifumbua. Nikamwambia tena, na maji ya kunywa, baba? Akalifumba, na safari hii halikufunguka, akawa amelala.

Nikakaa na bakuli mkononi mpaka uji ukaganda. Alipoamka nikamuuliza tena. Akatazama mlango.